Misaada basi, tulete wawekezaji? Wana Dodoma mnasemaje

Mwana Makole (mleta mada)
Wadau, habari za jioni. Leo nilikuwa kwenye semina hapa mjini, mada ilikuwa Afrika itaendelea kwa biashara na mitaji ya watu binafsi, si kwa misaada. Nimewaelewa sana. Mwaka 2025 Marekani imeifunga USAID, watu wakabaki wameshika tama. Misaada ni ya mwenyewe, akiamua kufunga mkono anafunga.

Sasa sisi Dodoma tuna nini? Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Alizeti tunayo sisi na majirani zetu Singida. Tangu 2024 treni ya umeme inakufikisha Dar kwa saa chini ya nne. Kinachokosekana ni mwenye mtaji aje anunue, asindike, auze nje. Swali langu: Serikali ilegeze zaidi masharti kwa wawekezaji, ndiyo au hapana?

Mimi nasema ndiyo. Na tusiwalaumu wawekezaji kila siku, maana wakulima wetu nao hawana nidhamu ya biashara. Unakubaliana naye leo, kesho kauza pembeni.

Kijana wa Majengo
Nimetandika jamvi, karanga ninazo.

Mama Hombolo
Mbukwenyi. Kaka mleta mada, hiyo nidhamu unayoisema ngoja nikupe ya kwangu.

Mwezi wa tatu alikuja mnunuzi wa kiwanda fulani shambani kwangu. Kaja na kile kipimo cha sukari, unakamua tone la zabibu juu ya kioo, unachungulia kwenye mwanga. Akachungulia yeye. Akasema kumi na sita, anataka ishirini, tusubiri wiki. Nikasubiri. Siku ya nne mvua ikapiga, zabibu zikapasuka, nyuki wakahamia shambani kama wamealikwa. Aliporudi akachungulia tena, akasema maji yamezidi, bei inashuka. Nikamwambia nipe na mimi nichungulie. Akakirudisha mfukoni, akacheka, "Mama, utaelewa nini humu?"

Nikauza ndoo ndoo kwa vijana wa barabarani. Huko ndiko kuuza pembeni?

Mwana Makole
Pole sana mama. Lakini huyo ni mtu mmoja, mimi nazungumzia sera. Mkataba mliandikishana?

Mama Hombolo
Mkataba upi? Alinipa namba ya simu. Haipatikani.

Dalali Kibaigwa
Mama pole, ila tusiwafanye wakulima malaika. Mimi niko soko la nafaka Kibaigwa, nakula na kulala pale. Nimeshafungua gunia la alizeti nikakuta mawe katikati, yamezungushiwa mbegu nzuri kwa ustadi mpaka nikataka kumpa mtu tuzo. Huyo naye alikuja na sura ya huruma hivyo hivyo.

Mtoto wa Kongwa
Dalali unaongelea mawe? Wewe wa LUMBESA unaongelea mawe?? Wallahi mtandao una watu.

Dalali Kibaigwa
Sijawahi kufunga lumbesa.

Mtoto wa Kongwa
Basi pale sokoni mnafungwa na mashetani. Gunia sheria inasema lisizidi kilo mia. Nyie mnajaza, mnashindilia kwa mguu, halafu juu mnashonea kilemba kwa kamba ya katani, kinakaa kama mtu kabeba mtoto shingoni. Mkulima analipwa gunia moja. Nyuma ya pazia mnafungua, yanatoka gunia moja na debe na nusu. Baba yangu kauza mahindi hivyo miaka yote, ndiyo ada zangu zilikuwa zinachelewa.

Dalali Kibaigwa
Baba yako alilazimishwa? Mizani ipo, aende akapime. Kilemba mnakitaka wenyewe maana hamtaki kusubiri foleni. Halafu mnunuzi wa Dar akija na lori anasema bila lumbesa haondoki. Nifanyeje, nimrudishe?

Mtoto wa Kongwa
NDIYO. Mrudishe.

Dalali Kibaigwa
Utanilishia wewe watoto.

Kijana wa Majengo
Karanga zimeisha, natuma mtu akanunue. Kwa kipimo.

Mdau wa Area D
Naomba turudi kwenye mada. Mnazozana juu ya mwekezaji wa nje kama vile atakuja kununua shambani kwa mama Hombolo. Hawezi. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wageni kwenye biashara 15, na kununua mazao shambani ni mojawapo, pamoja na saluni, kutengeneza simu na uwakala wa pesa. Kwa hiyo hadithi za kipimo mfukoni na za lumbesa ni sisi kwa sisi, Mtanzania na Mtanzania mwenzake. Ulegeze masharti usilegeze, huyo mtu wa katikati yuko pale pale. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia.

Mtoto wa Kongwa
Dalali bado sijamalizana na wewe. Debe na nusu mara malori mangapi kwa msimu?

Mzee wa Chamwino
Vijana punguzeni makali. Tatizo mlizaliwa juzi. Sisi tulikuwepo Azimio la Arusha, 1969 ile, viwanda vilikuwa vyetu, mashirika yetu. Baadaye tukaambiwa binafsisha, mtu binafsi ndiye anayejua biashara. Tukawapa. Vingine leo ni maghala, vingine mbuzi wanalala.

Mdau wa Area D
Mzee shikamoo. Azimio ni 1967.

Mzee wa Chamwino
Marahaba. Mbuzi wapo lakini?

Kijana wa Majengo
Mzee 1, Area D 0.

Mtaalamu Uchwara
Mimi niulize kitu kimoja, msinipige. Hivi mvinyo wetu wenyewe unanyweka? Mtamu kama sharubati, asubuhi kichwa kinagonga mlango. Mwekezaji aje auze nini hapo?

Mwana Makole
Sasa hii ni kejeli. Kuna mvinyo mkavu mzuri tu unatengenezwa hapa hapa, wewe ulizoea viroba vya enzi zile. Kwa taarifa yako mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa nje. Serikali imeshafanya sehemu yake.

Mdau wa Area D
Na kiwanda kikipata unafuu huo, mama Hombolo anaonaje kwenye kilo? Ushuru mdogo unaishia kiwandani. Halafu usisahau Afrika Kusini tuko nao SADC, na Eneo Huru la Biashara la Afrika tumeridhia 2021. Biashara huru maana yake na wao wanakuja na mvinyo wao. Tumejiandaa?

Mtaalamu Uchwara
Nimesema msinipige.

Mtoto wa Kongwa
Dalali kakimbia.

Dalali Kibaigwa
Sijakimbia, nilikuwa nashusha mzigo. Na kwa taarifa yako leo nimepima kila gunia kwenye mizani. Uliza mtu yeyote.

Mtoto wa Kongwa
Leo. Kwa sababu ya uzi huu.

Mwana Makole
Jamani, swali langu lilikuwa masharti yalegezwe, ndiyo au hapana. Kuna aliyejibu?

Mzee wa Chamwino
Yalegezwe kwa nani?

Mama Hombolo
Kaka, mimi nitakujibu nikitulia. Kwa sasa nauliza, kile kipimo cha sukari kinauzwa wapi? Msimu wa Agosti nataka nichungulie mimi kwanza kabla ya mtu yeyote. Na mwenye kreti za kuazima aseme, zangu aliondoka nazo yule yule wa namba ya simu.

Mdau wa Area D
Kipimo tuulizie Makutupora kwenye kituo cha utafiti wa zabibu, hawakosi kujua. Kila mmoja wa kikundi chenu akichanga, kimoja kinawatosha.

Dalali Kibaigwa
Kreti ninazo thelathini, mama. Gari langu linapita Dodoma mjini Ijumaa, nitazishusha Ipagala.

Mama Hombolo
Asante baba. Kukodi bei gani?

Dalali Kibaigwa
Usinipe hela. Nipe ndoo moja ya zabibu tu.

Mtoto wa Kongwa
Mama, muulize kwanza. Ndoo ya kawaida au yenye kilemba?