Nitarudishiwaje pesa za sevisi nisiyoitaka?

Mama Neema, Voi
Wadau, naomba msaada. Tarehe 3 nilichukua gari kwenye yadi moja Nairobi. Nimefika nyumbani nasoma ankara kwa utulivu, nakuta shilingi 68,000 za "sevisi ya miaka mitatu". Sikuiomba! Muuzaji alinipa karatasi kama kumi nitie sahihi, akasema ni za kawaida tu. Na sevisi yenyewe lazima ifanyiwe huko huko, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Nimepiga simu mara tatu, naambiwa meneja hayupo. Hiyo ni karo ya mwanangu, inaniuma sana.

Fundi Athumani
Pole dada. Umeshaitumia hiyo sevisi?

Mama Neema, Voi
Hata oili sijabadilisha.

Fundi Athumani
Basi usiiguse. Ukienda mara moja watasema uliikubali.

Baba Tumu
Yalinikuta mimi pia, na nilirudishiwa. Achana na simu, mama. Andika barua pepe leo: namba ya ankara, kiasi, kwamba unaifuta huduma hiyo, na unataka pesa ndani ya siku 14. Wakinyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na unaweza kujisimamia bila wakili. Ila kwanza, ulilipa taslimu au kwa mkopo?

Mama Neema, Voi
Mkopo wa benki.

Baba Tumu
Basi waandikie benki nao, maana riba inakatwa hata kwa hizo 68,000.