Vyuo vya ufundi: mtafundisha kabureta hadi lini wakati barabara imejaa IST?

Wakuu,

Hivi kijana anayemaliza ufundi magari mwaka huu amesomeshwa kutengeneza gari gani? Simama dakika 10 pale Ubungo au Mwenge, Dar, uhesabu: IST, Vitz, Passo, Noah, Probox, Crown. Hizo zote ni za nozeli zinazonyunyiza mafuta zikiongozwa na kompyuta. Halafu ingia karakana ya chuo. Injini imekatwa ubavu, imepakwa rangi nyekundu na buluu, haiwezi kuwaka. Pembeni kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, imefumuliwa mezani, na mwanafunzi anapima pengo la pointi za distribyuta, mgawaji wa umeme wa plagi wa zamani. Injini ya 1NZ iliyo kwenye IST haina pointi, haina distribyuta, haina hata waya za plagi. Kila silinda ina koili yake juu ya plagi.

Kabureta ifundishwe, pikipiki nyingi bado zinaitumia. Wiki moja inatosha. Muhula mzima ni kumwibia mtoto wa watu ada na muda.

Hasara yake inaonekana gereji. Mpaka leo kuna mafundi, wengine wana vyeti, wanapima alteneta (inayochaji betri) kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma. Isipozima, wanasema alteneta nzima. Kwenye Datsun ya zamani uliweza kusalimika. Kwenye gari la leo, betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla volti zinaruka na kuua kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Kipimo sahihi ni cha multimita (kipima umeme): betri iliyojaa, injini imezimwa, volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.5. Basi! Hakuna cha kuchomoa. Ni hivyo hivyo kwa taa ya balbu ya kupimia. Ukiichomeka kwenye waya ya sensa ya volti 5 inavuta umeme ambao saketi ile haikutengenezwa kuubeba.

Tuje kwenye skana, kifaa cha kusoma namba za makosa kwenye kompyuta ya gari. Vijana wanadhani skana inataja spea ya kununua. Namba P0171 ikitokea, maana yake kompyuta inaona hewa imezidi mafuta. Haijasema badilisha sensa ya oksijeni, lakini ndicho kinachofanyika: mteja ananunua sensa, taa ya injini kwenye dashibodi inafutwa, baada ya siku chache inarudi. Aliyefundishwa vizuri anafungua data za injini ikiwa inaunguruma, anaangalia asilimia ya marekebisho ya mafuta. Ikiwa kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) inasoma +20 na ukipandisha hadi mizunguko 2,500 inashuka karibu na sifuri, kuna hewa inapenya bila kupimwa: tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifodi. Ikiwa sailensa iko sawa lakini asilimia inapanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayafiki ya kutosha: pampu imechoka, filta imeziba, au sensa ya hewa imechafuka na inadanganya. Hilo ni somo la asubuhi moja tu, kama kuna injini inayowaka.

Magari yenye mtandao wa CAN, waya mbili ambazo kompyuta za gari zinawasiliana kupitia kwake, ndiyo kabisa. Injini ikiwa imezimwa, chomoa betri, weka multimita kwenye pini ya 6 na ya 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea skana. Ohm 60, sawa. Ohm 120, kuna upande umekatika. Karibu na sifuri, waya zimegusana. Wangapi wanahitimu wakiwa wamewahi kugusa pini hizo?

Na haibridi, magari ya petroli na umeme pamoja, zinaingia nchini, hapa hasira zangu zinageuka hofu. Betri kubwa ya Prius iliyozoeleka ina volti 201.6. Kabla ya kugusa waya za rangi ya chungwa zinazobeba umeme huo unazima gari, funguo unaiweka mbali, unavaa glovu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000 na kukaguliwa kama zina tundu, unachomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri hiyo, unasubiri dakika 10 kapasita za inveta ziishiwe umeme, kisha unapima kuhakikisha ni sifuri. Kijana asiyeyajua haya tunampeleka akafe.

Msituambie vifaa ni ghali. Darasa la vijana 20 linaweza kuanza na injini 4 za mtumba, kila moja na kompyuta yake, waya zake zote na dashibodi, zifungwe kwenye fremu ziwake. Multimita 10, skana 4. Tengenezeni kisanduku cha swichi 12 zinazokata waya moja moja: sensa ya krenki, ya kemu, ya hewa, ya joto la maji, nozeli, koili. Mwalimu anazima swichi moja kwa siri, mwanafunzi anapewa mchoro wa umeme na dakika 45. Aandike alipima wapi, alipata volti ngapi, na kwa nini anaamini tatizo ni lile. Mtihani uwe huo, badala ya kutaja mipigo minne ya injini kwa kukariri.

Fedha zinakusanywa. Waajiri wanalipa SDL, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliiweka asilimia 3.5 ya mishahara, na jina lake lenyewe ni tozo ya kuendeleza ujuzi. Sehemu yake iwarudishe na walimu gereji miezi miwili kila mwaka, maana mwalimu ambaye hajawahi kusoma mchoro wa CAN hawezi kuufundisha hata ukimnunulia skana ya mamilioni.

Mzazi unayejiandaa kulipa ada: usiishie ofisini kwa msajili. Nenda karakana, omba skana ichomekwe mbele yako kwenye injini inayounguruma, na uulize kila mwanafunzi anaishika mara ngapi kwa wiki.