Walinikatia bima bila swali hata moja. Ukuta ulipoanguka ndipo maswali yakaanza

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Wewe ambaye ni mwashi unayebeba kazi kwa jina lako, au umefungua kampuni juzijuzi, soma hadi mwisho.

Nina barua ya kampuni ya bima mezani, siku ya tatu leo. Ina aya mbili. Aya ya kwanza inasema aliyejenga ukuta ni mtu mwenye leseni ya uashi, yaani mimi, kwa majina yangu matatu. Aya ya pili inasema aliyekatiwa bima ni kampuni, na kampuni hiyo haina leseni. Sharti la polisi, yaani mkataba wenyewe wa bima, ni kwamba mwenye bima awe na leseni hai muda wote wa kazi. Kwa hiyo aliyejenga hana bima, mwenye bima hana leseni, dai limekataliwa. Wamemaliza na "wako mtiifu".

Kampuni ile ni mimi! Mwiko ni huuhuu, simu ni hiihii, hata mhuri nautunza kwenye begi la timazi na pima maji. Najua sasa kwamba mbele ya sheria kampuni ni mtu mwingine kabisa. Nimejua baada ya hasara. Lakini wakala aliyenikatia bima alikuwa na karatasi zote mbili, leseni yenye jina langu na cheti cha usajili chenye jina la kampuni. Alizipiga pini moja mbele ya macho yangu akaziweka kwenye faili. Majina mawili tofauti, pini moja, na hakusema kitu. Alichouliza ni kama ninalipa zote au kwa awamu.

Kazi yenyewe ilikuwa ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, kimo mita 2.4, kiwanja kimekaa mteremko na chini yake kuna nyumba ya jirani. Wanaojenga kuta za namna hii wanajua shida yake. Ukiongeza kimo mara mbili, msukumo wa udongo hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne, na ile nguvu ya kuupindua ukuta inafika mara nane. Maji yakituama nyuma ndiyo balaa kabisa, kwa sababu mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000 na ukuta haukuhesabiwa kubeba mzigo huo. Ndiyo maana nyuma nilijaza kokoto, na mbele niliacha matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu. Mchoro wa mhandisi ulisema hivyo na nilifuata.

Nilikabidhi kazi, nikalipwa, nikaondoka. Miezi minne baadaye mvua ikanyesha usiku kucha, na alfajiri napigiwa simu kwamba kipande cha mita sita kimelala juu ya gari la jirani na kimebomoa ukuta wa jiko lake. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa jikoni saa ile.

Nilipofika sikuamini. Ukuta umepigwa plasta juu hadi chini na kupakwa rangi, na sikuwa mimi. Mshitiri, yaani mwenye kazi aliyenilipa, aliona matundu yanachuruzika na kuacha michirizi, akaleta mtu akayaziba yapendeze. Mpima hasara wa bima alikuwepo na kamera yake. Nikachukua msumari wa inchi nne, nikamwita kwenye kipande kilichobaki kimesimama, nikachokonoa plasta pale nilipokumbuka tundu lipo. Maji ya matope yakaruka yakamlowesha suruali. Akapiga picha, akaandika, akatikisa kichwa, akaniambia, "Fundi, nimeelewa."

Kwenye barua hakuna neno hata moja kuhusu matundu. Hawakusema nilijenga vibaya, hawakusema nilijenga vizuri. Chanzo cha kuanguka hawakukigusa. Walitafuta mlango wa kutokea wakaupata kwenye jina.

Nikampigia wakala. "Fundi, hayo ungeniambia mapema." Ningekuambia nini, ndugu yangu, na karatasi ulikuwa nazo wewe? Nikamwomba polisi yenyewe, maana mwaka mzima nilikuwa na cheti tu, ukurasa mmoja wenye nembo. Ikaja kurasa 31. Nimezisoma zote usiku mmoja, na niwaambie, hata jina lingekuwa sawa nilikuwa nimekwisha. Maelezo ya kazi yameandikwa "ujenzi mdogo na ukarabati". Mimi nilitamka uashi. Kuna kifungu kinatoa nje kuta za kuzuia udongo zinazozidi mita 1.5. Kingine kinasema dhima, yaani wajibu wa bima kulipa, inakoma siku ya makabidhiano, isipokuwa uwe umenunua nyongeza ya kazi zilizokamilika. Hivi kuna mwashi gani ambaye kazi yake inaleta madhara siku anayoijenga tu? Ufa unatokea baada ya misimu, linta, ile boriti ya juu ya mlango au dirisha, inashuka taratibu, ukuta unasubiri mvua kubwa. Bima ya mwashi inayokufa siku ya makabidhiano inamlinda nani?

Na cheti chenyewe, chini kabisa kwa herufi ndogo, kimeandikwa kwamba hakibadilishi masharti ya polisi. Ndicho hicho wakandarasi wakuu na washitiri wanatudai kabla hatujaingia saiti. Wanakitoa kopi, wanaweka kwenye faili, wameridhika. Hakuna anayeuliza polisi. Mshitiri wangu ambaye jana alikuwa na kopi yangu kwenye faili, leo amenitumia wakili.

Ofisi ya leseni nayo siisamehi. Nilipobadili kutoka mtu binafsi kwenda kampuni nilienda kuhuisha leseni, nikaeleza kwa mdomo wangu kwamba sasa nafanya kazi kama kampuni. Karani akachukua ada na picha mbili. Sentensi moja tu ingetosha: "Leseni hii haihami, kampuni iombe yake." Hakuisema. Daraja langu la leseni, waliniambia baadaye, lina ukomo wa aina ya kazi pia. Hilo bado nalifuatilia.

Kuna la vibarua nusura nilisahau. Ada ya bima ya fidia kwa wafanyakazi inapigwa kwa jumla ya mishahara. Kwenye fomu wakala aliandika wafanyakazi watatu, "ili ada isiwe kubwa", akanipa nisaini, nami nikasaini. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Saiti nilikuwa na saba, watatu wangu na saidia fundi wanne wa kutwa. Angeanguka mmoja wa wale wanne kutoka jukwaani, mkewe angeniuliza nini? Na yule anayekata mawe kwa mashine akivuta vumbi mwaka hadi mwaka, ugonjwa wa mapafu unaweza kujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi. Siku hiyo atatafutwa nani? Tangu nisome zile kurasa usingizi umekata kwa ajili ya hao kuliko kwa ajili ya gari la jirani.

Kwa hiyo naombeni jamani, kabla ya kulipa awamu inayofuata, toeni leseni, mkataba wa kazi na polisi, mziweke mezani pamoja, muangalie jina lililoandikwa kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Kisha msome sehemu ya "havijumuishwi" kabla ya sehemu nyingine yoyote. Kazi mnazofanya ziandikwe kwa majina yake: mawe, tofali, kuta za kuzuia udongo hadi kimo gani, jukwaa hadi kimo gani, kuchimba msingi jirani na jengo la mtu. Wakala akisema "hiyo imo tu", mwambieni aandike kwa barua pepe.

Mimi nina siku 14 za kupinga, zimebaki 11. Nimeshapata picha za mpima hasara na nakala ya fomu yenye mwandiko wa wakala. Kuna mtu humu aliyekataliwa kwa sababu ya jina la leseni na jina la bima kutofautiana, akapinga akashinda? Nataka kujua ulijenga hoja yako juu ya nini. Je, kule kwamba wakala alizipokea karatasi zote mbili siku moja kuna uzito wowote? Wanasheria mliomo humu, nawasubiri.