Hedifoni za elektrostatiki: upande wa kushoto unafifia, halafu nilinganisheje amplifaya mbili?

sikio_tulivu

Wakuu habari za saa hizi, naomba msaada maana hili jambo nimekaa nalo wiki mbili na limeanza kuninyima raha ya muziki. Nina hedifoni za elektrostatiki za mkono wa pili, zile za plagi ya pini 5, na amplifaya mbili, moja ya transista na moja ya valvu. Nikianza kusikiliza pande zote ziko sawa, muimbaji amekaa katikati kabisa kama yuko mbele ya pua yangu, lakini ikifika nusu saa hivi anaanza kuhamia kulia polepole, na lisaa likiisha kushoto kumefifia kiasi cha kunikera. Nikizivua nikaziacha mpaka kesho yake zinarudi vizuri kama hakuna kilichotokea. Hakuna mkwaruzo, hakuna mluzi, ni kufifia tu.

La pili, nataka nibaki na amplifaya moja. Ya valvu naiona tamu zaidi ila siiamini hiyo raha yangu, sijui kama ni valvu kweli au ni huu upande unaonichanganya. Nyie mnalinganishaje? Halafu kuna mtu kaniambia nifungue nipanguse kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotetema kutoa sauti, kwa pamba na spiriti, nimesita.

FundiValvu

Mkuu asante kwa kusita, na endelea kusita. Hicho kiwambo unene wake ni chini ya mikroni 2, unywele wa mtu ni mnene mara thelathini au zaidi, na juu yake kumepakwa kitu chembamba sana kinachoshika chaji. Ukipitisha pamba yenye spiriti unaondoa hicho kilichopakwa na hapo hakuna kurudi, unatafuta driva nyingine, yaani kile chombo kizima cha kutoa sauti kilichobeba kiwambo. Mimi nimeshaona driva iliyopanguswa hivyo, ilikuwa safi inang'aa na haitoi sauti.

Sasa tuanze na kujua mgonjwa ni nani. Plagi huwezi kuigeuza, kwa hiyo subiri kushoto kufifie, halafu bila kuvua kitu badilisha nyaya za RCA, zile zinazoleta muziki kutoka kwenye chanzo, nyuma ya amplifaya, ya kushoto weka kulia. Ukiona unyonge umehamia kulia basi tatizo liko kabla ya amplifaya, kwenye chanzo au waya. Ukibaki kushoto, zima, subiri kidogo, hamisha hedifoni kwenye amplifaya ya pili. Ukiendelea kufifia na huko, ujue ni hedifoni, maana amplifaya mbili tofauti haziwezi kuugua upande uleule kwa namna ileile.

Kwa maelezo yako mimi nahisi unyevu. Angalia inavyofanya kazi: kiwambo kinapewa volti za bayasi, yaani umeme wa kukipa chaji muda wote, kwa pini 5 za kampuni ya Stax ni volti 580, na kiko katikati ya sahani mbili zenye matundu ambazo ndizo zinapokea muziki, moja inavuta nyingine inasukuma. Bayasi inapita kwenye rizista kubwa sana kwa hiyo inayoingia ni kidogo mno, ni kama ndoo inayojazwa kwa matone. Sikio likipata joto likatoa jasho, mvuke ukaingia hadi ukingoni mwa driva, chaji inapata njia ya kuvuja na matone hayatoshi kujaza ndoo. Volti zinashuka upande huo, sauti inashuka nazo. Ukizivua zinakauka, kesho ziko sawa. Dalili zako ndizo hizo hizo.

Fungua mto wa sikio wa kushoto, mto tu, na uangalie kama ile karatasi ya plastiki nyembamba inayokinga driva bado nzima. Hiyo ndiyo inazuia jasho na vumbi visiingie, na kwenye hedifoni za umri huwa inachanika bila mtu kujua.

pini_tano

Naunga mkono, ila niongeze kwa sababu najua utashawishika kupima bayasi kwa mita. Mita nyingi za kawaida zina ukinzani wa megaohmu 10, na ile rizista ya bayasi kwenye amplifaya nyingi ni kama megaohmu 5, kwa hiyo mita yenyewe inakunywa sehemu ya volti. Volti 580 halisi utaziona zinasomeka kama 387. Niliwahi kupoteza Jumapili nzima nikibadilisha kapasita (vifaa vinavyotunza chaji) za bayasi kwenye amplifaya ambayo haikuwa na tatizo lolote, kisa nilisoma 390 nikaamini. Na tafadhali kama hujazoea umeme mkubwa usifungue kabisa, humo ndani kuna kapasita zinabaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na hizo hazisamehi.

Kama amplifaya ni ya kutoka Japani angalia pia bamba la nyuma, huko umeme wao ni volti 100, na si kila moja ina sehemu ya kubadilisha.

FundiValvu

Sahihi kabisa mkuu. Na jambo moja la ziada kwa mleta mada, ukibonyeza kikombe ghafla ukasikia mlio kama kitambaa kinachanika, usiogope, ni hewa imekisukuma kiwambo kikagusa sahani, kuna modeli zinafanya hivyo tangu mpya. Cha kuogopa ni mluzi unaoendelea au kutatarika hata bila muziki, hapo mara nyingi kuna unywele au uchafu umeingia kati. Mimi pia hushauri uache amplifaya imewaka na hedifoni zimechomekwa saa kadhaa ili chaji itulie kabla ya kuhukumu chochote.

Mama_Noti

Kaka hapo kwenye kuacha imewaka saa kadhaa mimi sikubaliani na wewe. Kiwambo chenye chaji kinavuta vumbi, kama vile kioo cha televisheni za zamani kilivyokuwa kinavuta. Nusu saa inatosha, nikimaliza nazima, nachomoa, nafunika kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Zangu za Stax Lambda nina nazo miaka mingi na driva hazijawahi kunisumbua.

Mdogo wangu sikio_tulivu, nikujibu la kulinganisha maana ndilo lililonileta humu. Usilinganishe chochote kabla kushoto hakujapona. Kukipona, kazi kubwa ni moja, kusawazisha sauti, kwa sababu ile inayopiga juu hata kwa desibeli moja sikio litaichagua kila mara na utaiita tamu, ina nafasi, ina mwili, majina yote hayo, kumbe iko juu tu. Mimi nina kipande cha ubao nimetoboa tundu katikati, maikrofoni ndogo inakaa humo, nalaza kikombe juu ya ubao, napiga toni ya hezi 1000 na kusoma desibeli. Nikibadilisha amplifaya sikigusi kikombe hata kidogo, kwa sababu ukikisogeza kidogo tu namba zinabadilika. Nikishapata alama mbili za kitasa cha sauti, naziweka kwa kalamu ya risasi, ndipo navaa na kusikiliza. Na ukivaa hakikisha mto umeziba vizuri, miwani tu inatosha kuachia hewa na besi inapungua, halafu unailaumu amplifaya ya watu.

Watu pia wanadanganywa na namba. Amplifaya hizi hazipimwi kwa wati, zinapimwa kwa volti. Stax SRM-252S inatoa hadi volti 280, SRM-727 volti 450, ukisoma unaona pengo kubwa, lakini kwa desibeli ni kama 4 tu. Linalotofautisha zaidi ni uwezo wa kutoa mkondo kwenye sauti za juu, kwa sababu hedifoni hii kwa amplifaya ni kapasita. Tuseme ni ya pikofaradi 100, kwenye hezi 1000 ukinzani wake ni kama megaohmu 1.6, ukifika hezi 20,000 umeshuka hadi kiloohmu 80. Amplifaya dhaifu inachoka huko juu, hasa ukipandisha. Kwa hiyo chagua muziki wenye matoazi na kwaya kubwa, usilinganishe kwa gitaa moja na sauti ya mtu mmoja, hapo karibu zote zitakupendeza.

sikio_tulivu

Nimerudi wakuu, ni siku ya sita leo. Dada Mama_Noti, FundiValvu, pini_tano, asanteni mno.

Nilibadilisha RCA, unyonge ukabaki kushoto. Nikahamisha amplifaya, ukabaki kushoto. Basi nikavua mto, taratibu kwa kadi ya plastiki maana ulikuwa umegandishwa kwa gundi ya pande mbili, na chini yake ile karatasi ilikuwa imechanika ukingoni, mpasuko kama urefu wa kucha, umejikunja kwa ndani, ni rahisi kuupita bila kuuona. Upande wa kulia nzima kabisa. Driva sikuigusa. Nimeziweka kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu, siku mbili, halafu nikaweka plastiki mpya pande zote mbili, nimeiacha ilegee kidogo isigusane na driva. Jana nimesikiliza lisaa na nusu, leo masaa mawili na nusu, muimbaji hajatoka katikati.

Amplifaya sasa. Nilitengeneza ubao kama wako dada. Kwa namna nilivyokuwa nasikiliza siku zote, ya valvu ilikuwa juu kwa desibeli 2 kasoro kidogo. Nilipozisawazisha ule utamu ulipungua sana, sikutegemea. Bado kwenye sauti za wanawake wakiimba pamoja naisikia ya valvu ikiwa laini zaidi, nimerudia mara nne na jamaa yangu akinibadilishia bila kuniambia ipi ni ipi, tatu nimepatia. Lakini kwenye matoazi nikipandisha kidogo ya transista inabaki safi na ya valvu inaanza kusagika. Mimi nasikiliza kwaya na okestra kuliko vingine vyote, kwa hiyo nimebaki na ya transista.

Swali dogo tu limebaki: mto wa kushoto gundi yake haishiki tena vizuri, naweza kutumia tepu nyembamba ya pande mbili au kuna inayotoa mvuke unaodhuru driva?

FundiValvu

Tumia mkuu, ila kata vipande vidogo uweke kwenye ukingo wa plastiki peke yake, ubandike, uache kikombe wazi usiku mmoja kabla ya kuvaa. Usitumie gundi ya maji ya kumimina, ile ndiyo inatoa mvuke na ikitiririka inafika kwenye driva.