Nimetia magadi kwenye manjano ili yayeyuke, nimekosea?

binti_mikindani: Habari za jioni wadau. Bibi yangu magoti yanamsumbua, kila asubuhi namkorogea kijiko cha unga wa manjano kwenye maji moto. Ukigeuka tu, unga umeshatuama chini kama mchanga, juu yamebaki maji ya rangi. Juzi nikatia magadi kidogo. Yakayeyuka, yakawa rangi ya damu ya mzee. Nikafurahi, nikajua sasa yataingia mwilini. Ni sawa?

mfamasia_lindi: Dada, magadi acha kabisa. Kinachotafutwa humo ni kurkumini, nayo ni kama asilimia 3 tu ya unga. Kwenye magadi inayeyuka kweli, lakini haidumu, inavunjika ndani ya dakika chache. Bibi anakunywa rangi tu.

Kurkumini haipatani na maji, na kitu kisichoyeyuka hakipiti ukuta wa utumbo. Inapatana na mafuta. Ukila mafuta, nyongo inashuka tumboni na kuyakatakata kuwa matone madogo mno, na kurkumini inabebwa humo. Ndiyo maana tui linafaa kuliko maji: lenyewe tayari ni matone ya mafuta yaliyotawanyika. Chukua tui zito, pasha moto taratibu huku unakoroga, lisikatike. Unga usage tena, uuchekeche kwa kitambaa. Chembe zikiwa ndogo zinayeyuka upesi. Viwandani huongeza lesithini, ile iliyomo kwenye kiini cha yai na soya, kwa sababu hiyohiyo ya kushikanisha mafuta na maji.

mama_wa_newala: Mwanangu, tia na pilipili manga. Sisi huku hatunywi bila hiyo.

mfamasia_lindi: Mama umesema kweli, na imepimwa. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini. Ikiwa peke yake, kwenye damu ilikuwa haionekani au kidogo sana. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ile ya pilipili manga, kilichoingia kikapanda takriban mara 20. Ini na utumbo huwa vinaibadilisha kurkumini na kuitoa haraka. Piperini inavipunguzia kasi.

Ila hapo ndipo ninapoogopa. Ini likipunguzwa kasi halichagui, na dawa za hospitali nazo zinaweza kuzidi kwenye damu. Dada, bibi anameza dawa gani?

binti_mikindani: Nimefungua mkoba wake sasa hivi. Kuna warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, alianzishiwa damu ilipomganda mguuni.

mfamasia_lindi: Basi simamisha, hata ya tui. Manjano mengi yenyewe yanaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayemeza warfarini, sembuse yakitiwa pilipili manga. Yale ya kuungia mchuzi wa samaki, kidogo kama mlivyozoea, hayo sina shaka nayo. Warfarini asiiache. Kesho mpeleke kliniki, mseme ameyanywa kwa muda gani, apimwe kuganda kwa damu. Mtazame na fizi leo usiku, na kama ana michubuko asiyoijua ilikotoka msingoje asubuhi.

binti_mikindani: Fizi ni safi. Mkononi ana alama moja ya bluu, anasema hakujigonga. Natafuta bajaji.