Redio ya VHF kwenye boti ya uvuvi, ikitokea dharura naita vipi?

Faiba_Nungwi:
Assalam alaikum wakuu, naomba wanaojua mambo ya bahari wanisaidie. Natoka na boti ya faiba hapa Nungwi, tunavuka mpaka mkondo wa Pemba kutafuta jodari, na tajiri baada ya kumuomba sana katununulia redio ya VHF ya mkononi ya wati 5. Sasa ndani ya boti hakuna hata mmoja alofundishwa zaidi ya kuiwasha. Kila mtu anasema "ita mayday chaneli 16", yaani wito wa kuomba kuokolewa, halafu basi. Ukishaita ndo unasema nini? Kingereza sikijui vizuri, nikiongea Kiswahili nitasikilizwa? Na injini ikizima tu, bado mchana na bahari imetulia, hiyo nayo mayday? Kusi linakaribia, sitaki kujifunza siku yenyewe.

NahodhaMstaafu:
Waalaikum salaam mwanangu. Kwanza hakikisha uko 16, redio nyingi zina kitufe chake, unabonyeza mara moja inarudi hapo popote ulipokuwa. Nguvu iwe H (kubwa), sio L (ndogo), L ni wati 1 tu. Simama pahali pa juu, antena iwe wima, bonyeza kitufe cha kuongelea halafu SUBIRI kidogo kama sekunde moja ndo uanze, maana watu wakishikwa na hofu wanabonyeza na kupiga kelele papo hapo na neno la kwanza linakatika. Sema taratibu hivi:

MAYDAY MAYDAY MAYDAY. Hii ni boti Nia Safi, Nia Safi, Nia Safi. MAYDAY Nia Safi. Tupo maili 8 kaskazini mashariki ya mnara wa taa wa Nungwi. Boti inaingia maji inazama. Tunaomba kuokolewa haraka. Tupo watu 6. Over.

Hiyo "over" maana yake nimemaliza, nangoja jibu. Kisha achia kitufe, usipoachia husikii kitu. Kimya? Rudia. Angalia hapo mahali mlipo pametangulia kabla ya shida yenyewe, makusudi kabisa, kwa sababu betri ikikata au wimbi likikunyang'anya redio mkononi, aliyekusikia anajua pa kwenda hata kama hajui kilichowapata. Na uanzie kwenye alama ya nchi kavu ndo uje kwenye boti, ukisema "mnara uko kusini yetu" kuna atakayegeuza. Kama una GPS soma namba moja moja, tano, nne, sio hamsini na nne.

Lugha: sema Kiswahili, boti za jirani ndo zitakazowahi. Halafu rudia Kingereza kifupi, maana meli za mizigo za Tanga, Mombasa na Dar zinasikiliza 16 na mabaharia wake wengi ni Wafilipino na Wahindi. Mayday, jina la boti, position, sinking au fire, six persons, inatosha kabisa.

Kilindini_01:
Mkuu nahodha kamaliza, naongeza la injini. Imezima, hakuna anayezama, hiyo ni PAN-PAN, wito wa kuomba msaada pasipo hatari ya kufa papo hapo, unaitaja mara tatu hivyo hivyo chaneli 16 na maelezo kwa mpangilio ule ule. Lakini nanga haishiki na upepo unawasukuma kwenye mwamba, usingoje maji yaingie, hiyo sasa ni mayday. Wengi wanachelewa kwa kuona haya, yaani mtu anaona aibu kusumbua watu mpaka jua linazama!

Lingine ni umbali. Wati sio tatizo kubwa, tatizo ni urefu wa antena, redio mbili za mkononi kwenye boti fupi zinasikizana kama maili 5 hivi. Vituo vya uratibu wa uokoaji vipo, Dar kimoja na huku Mombasa kile cha kanda kilichofunguliwa 2006, lakini ukiwa mbali unaweza usivifikie moja kwa moja. Kwa hiyo wewe ukisikia mayday ya mwenzio nyamaza, andika, subiri kidogo, na kama hakuna anayejibu mjibu wewe kisha ipeleke mbele: MAYDAY RELAY mara tatu, jina la boti yako, halafu maneno yake yote.

Faiba_Nungwi:
Allah awalipe wakubwa zangu. Na ile ya kufungwa botini yenye kitufe chekundu, tajiri anasema ataileta?

NahodhaMstaafu:
Mwambie ailete. Kile kitufe kinatuma data chaneli 70, unafunua kifuniko unashikilia mpaka ikubali, na redio za jirani zenye kitufe kama hicho zinalia zenyewe. Lakini lazima iingizwe namba ya MMSI, yaani namba ya kuitambulisha boti yako, tarakimu 9, za Tanzania zinaanza na 674 au 677, na iungwe na GPS, bila MMSI redio nyingi hazitumi huo wito kabisa, na bila GPS haijui yenyewe mko wapi. Ukishabonyeza rudi 16 uongee. Mtoto akibonyeza kwa bahati mbaya msizime mkakaa kimya, tangazeni 16 kwamba si dharura.

Na kujaribu redio usiite mayday abadan. Muite mwenzio wa boti ya pili hapo 16, akijibu hamieni 72 muongee huko, na ile ya mkononi ifungie kamba, iwe kifuani kwako, sio kwenye droo na nyavu.