Kubadili chaneli kwa mguu bila ile "TUP!": rilei, LDR au FET?

Gitaa_Kondele
Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Nina amplifaya ya valvu ya wati 15: EL84 mbili nyuma, 12AX7 tatu mbele. Jumamosi usiku ni benga, Jumapili asubuhi ni kanisa. Benga inataka sauti safi, nyuzi nyembamba zilie kama kengele. Lakini wimbo ukishageuka, mwimbaji akatuachia sisi wa magitaa, nataka ile sauti chafu kidogo. Kwa sasa nainama kubonyeza swichi ya chaneli, safi au chafu, kwa kidole katikati ya wimbo. Aibu.

Nilijaribu kutoa waya wa mita 4 kutoka hiyo swichi hadi sakafuni. Amplifaya ikavuma kama mzinga wa nyuki, na kila nikikanyaga, TUP! Mchungaji alinitazama. Nasikia kuna njia tatu: rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), LDR (rezista inayohisi mwanga) na FET (aina ya transista). Nichague ipi?

Rilei_Nakuru
Omera, kosa lako ni kupeleka sauti yenyewe matembezi ya mita 4. Waya wa mguu unatakiwa kubeba amri tu, sauti ibaki ndani ya chasisi. Mimi nasema rilei ndogo ya volti 5, ile ya kazi za sauti yenye jozi mbili za migusano. Ikifunga imefunga, ikifungua imefungua, na haiongezi ladha yake kwenye sauti.

Umeme wake utoe kwenye hita, zile nyuzi za kupasha valvu joto. Volti 6.3 ukizipitisha kwenye dayodi nne na kapasita unapata kama 7.5 za DC, kisha kidhibiti cha volti 7805 kinazishusha hadi 5. Rilei yenyewe inakula kama miliampia 40. Hita zako zinakula karibu ampia 2.4, kwa hiyo transfoma haitaona tofauti. Weka dayodi 1N4007 kinyume kwenye koili, la sivyo kila ikiachia itarusha teke la volti nyingi, na teke hilo utalisikia kwenye spika.

Halafu hili watu wengi hulisahau: kama hita zako zimeungwa na chasisi katikati ya transfoma, usiunge hasi ya rilei na chasisi hiyo hiyo. Utachoma dayodi. Tumia soketi ya plastiki kwa waya wa mguu.

Taa_Kakamega
Rilei ni nzuri, ila inabadili kwa ghafla, na ghafla ndiyo mama wa TUP. Mesa/Boogie wametumia LDR miaka mingi kwenye amplifaya zao. Ni taa ya LED na rezista inayohisi mwanga, zote ndani ya kijumba cheusi. Taa ikiwaka, ukinzani unashuka hadi omu mia kadhaa. Ikizima, unapanda taratibu hadi mamilioni. Sauti inaingia na kutoka kama mtu anayefunga mlango kwa adabu.

Nilitengeneza zangu kwa mpira mweusi wa kusinyaa kwa joto. Kasoro ipo: upande mchafu wenye nguvu nyingi huvuja kidogo hata taa ikiwa imezima. Dawa ni kutumia mbili, moja ya kupitisha na nyingine ya kumwaga mabaki kwenye ardhi.

Rilei_Nakuru
Na hapo tayari una vijumba vinne kwa chaneli mbili, kila kimoja na tabia yake. Rilei moja imemaliza kazi.

Taa_Kakamega
Na stima ya jioni ikishuka? Hita zikifika 5.6, 7805 yako inakosa pumzi.

Rilei_Nakuru
Kweli, lakini rilei iliyokwisha kushika haiachii kirahisi. Kitakachopita ni mtikisiko wa stima kwenye koili, unaweza kusikia uvumi. Weka dayodi za Schottky badala ya za kawaida, unaokoa karibu volti moja.

Dada_Solda
FET nimezijaribu, za J113. Mbele kabisa, gitaa likiingia, ziko kimya na hazina shida. Baada ya valvu ya pili sauti ina makumi ya volti, na hapo FET inaanza kukata vichwa vya mawimbi. Ukitaka uchafu wa valvu, utapata uchafu wa transista. Mimi niliziondoa.

Lakini kaka, swali moja: ukizungusha kitufe cha sauti, kinakwaruza?

Gitaa_Kondele
Kinakwaruza sana! Nimeshapuliza dawa ya kusafisha mara tatu. Umejuaje?

Dada_Solda
Basi acha kwanza habari za rilei na LDR. Kapasita iliyo kabla ya kitufe inavuja DC. Kitufe kinakwaruza kwa sababu hiyo, na swichi inapiga TUP kwa sababu hiyo hiyo: inaruka kutoka volti moja kwenda nyingine. Weka mita kwenye DC, pima mguu wa kapasita ulio upande wa kitufe, amplifaya ikiwa imewaka. Inatakiwa kusoma sifuri. Mkono mmoja mfukoni, tafadhali, humo ndani kuna zaidi ya volti 300. Na kabla ya kulehemu, zima, mwaga chaji ya kapasita kubwa kupitia rezista ya kilo-omu 10, kisha pima tena uhakikishe.

Ukishamaliza hapo, funga rezista ya omu milioni 1 kutoka kila upande wa mgusano hadi ardhini. Upande usiotumika usiachwe ukielea hewani, maana unaoelea hujikusanyia chaji na kuingoja siku yako.

Gitaa_Kondele
Wakuu, nimerudi. Mita ilisoma volti 1.8! Nimeweka kapasita mpya ya mikrofaradi 0.022, volti 630. Kitufe kimenyamaza siku hiyo hiyo, na mimi nilishaanza kutafuta kitufe kipya. Nimeweka rilei, rezista zote mbili, soketi ya plastiki. TUP haipo. Uvumi umekwisha.

Kilichobaki ni "tik" ndogo nikikanyaga, nikiwa kwenye upande mchafu tu.

Rilei_Nakuru
Hiyo ni rilei ikigonga chasisi, na valvu ya kwanza inausikia mgongano huo kupitia bati. Ing'oe, ikalishe juu ya silikoni laini mbali na hiyo valvu. Ukiwa na 12AX7 nyingine, zibadilishane nafasi, mara nyingi kuna moja yenye masikio makali.

Gitaa_Kondele
Ya mwanzo ndiyo yenye masikio. Nimeihamisha nyuma, tik imeondoka. Silikoni naifuata kesho sokoni Kibuye.